Jinsi ya kumpata mtu wa kuaminika wa kukuhamishia piano Dar es Salaam

Ukimpigia simu mtu wa kuhamisha mizigo ukamwambia una piano, naye akakujibu hapohapo "Hamna shida bosi, vijana wapo," kisha akataja bei, mshukuru halafu mpigie mwingine. Hajakuuliza piano ni ya aina gani, iko ghorofa ya ngapi, wala inakwenda wapi. Anayeijua kazi hii huanza kwa kuuliza, na maswali yake ndiyo kipimo cha kwanza cha ujuzi wake. Nawe huwezi kumpima kama mwenyewe huyajui majibu, kwa hiyo maandalizi yanaanzia nyumbani kwako kabla ya kushika simu.

Nafundisha piano hapa Dar es Salaam. Nyingi ninazozikuta majumbani na makanisani zimekuja na kontena zikiwa zimeshatumika, au zilinunuliwa kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake akauza vitu kabla ya kurudi kwao, au zilitolewa zawadi na usharika rafiki wa Ulaya. Kipuri cha piano kama hiyo hukipati duka la jirani. Mguu ukivunjika utatafuta fundi seremala mwenye subira. Nyundo au pedali ikivunjika utaagiza nje na kusubiri. Uhamishaji mmoja mbaya unaweza kuigeuza piano nzuri kuwa kabati la kuwekea picha za familia, na inaniuma kila ninapokuta iliyofikia hapo.

Hatua ya 1: Ijue piano yako

Watu wengi wanaidhani piano ni fanicha ya mbao. Ndani yake kuna fremu ya chuma cha kusubu, nayo inabeba nyuzi zipatazo 230. Mvuto wa nyuzi hizo ukijumlishwa unafika tani 18 hivi, wakati mwingine zaidi, na fremu ndiyo inayoustahimili mchana na usiku. Sehemu kubwa ya uzito inatokana na hapo. Yamaha U1, piano ya kusimama inayoonekana sana katika soko la zilizotumika, ina kimo cha sentimita 121, urefu wa takribani sentimita 153, na uzito unaokaribia kilo 230. Zile za zamani zenye kimo kikubwa huzidi hapo. Grandi, yaani piano inayolala juu ya miguu mitatu, ikiwa ndogo ya mita moja na nusu ina kilo 260 hivi, na grandi ya jukwaani kama Steinway D, yenye urefu wa sentimita 274, inakaribia nusu tani.

Zingatia pia uzito umekaa wapi. Kwenye piano ya kusimama fremu iko upande wa nyuma, kwa hiyo ukiisukuma kwa mbele na juu, inaelekea kuanguka kinyumenyume. Miguu miwili myembamba ya mbele, kwenye piano nyingi, ni urembo zaidi ya nguzo. Kijana asiyejua huishika miguu hiyo kwanza kwa sababu inaonekana kama mahali pa kushikia.

Andika aina, modeli na namba ya piano. Namba utaiona ukifungua mfuniko wa juu, imepigwa chapa kwenye fremu au kwenye ubao wa ndani. Pima kimo, urefu na kina kwa futi kamba. Piga picha mbele, nyuma, pembeni, na chini kwenye vigurudumu. Utazituma kwa kila mtu utakayezungumza naye.

Kama piano ni ya zamani sana, mwite fundi wa piano aiangalie kabla hujaingia gharama. Fremu ikiwa na ufa, au vigingi vya nyuzi vikiwa vimelegea vyote, unaweza kulipia usafiri wa kitu kisichoweza kutyuniwa tena, yaani kurekebishwa sauti.

Hatua ya 2: Pima njia, mwanzo hadi mwisho

Hapa ndipo bei inapotengenezwa, na ndipo ajali nyingi zinapozaliwa. Tembea mwenyewe kutoka ilipo piano hadi litakaposimama gari, ukiwa na futi kamba. Fanya vivyo hivyo kwenye nyumba mpya. Pima upana wa kila mlango, ukitoa unene wa bawaba na kitasa. Hesabu ngazi, hata zile tatu za barazani. Pale ngazi inapogeuka, pima nafasi ya kugeuzia, maana piano ya sentimita 153 inaweza kupanda ngazi iliyonyooka vizuri tu halafu ikakwama kwenye kona.

Lifti inadanganya watu. Wanasoma kibao kinachosema kilo 630, watu 8, wanaona uzito unatosha, wanafurahi. Chumba cha lifti ya aina hiyo mara nyingi kina upana wa mita 1.1 na kina cha mita 1.4. U1 ina mita 1.53. Haiingii ikiwa imesimama kwa kawaida yake, na kuisimamisha kwa ubavu ndani ya lifti ni kazi ya wazoefu. Ukikaa ghorofani Upanga au Kariakoo, pima chumba cha lifti chenyewe, kisha zungumza na msimamizi wa jengo: je, anaruhusu mzigo mzito kwenye lifti, saa ngapi, na kuna fomu ya kujaza? Majengo mengine yana lifti ya mizigo ambayo wapangaji hawaijui kabisa.

Angalia pia nje. Vigari vya kubebea piano vinapenda sakafu tambarare. Vitofali vya pevingi, kokoto na mchanga vinavisumbua. Kama gari halifiki mlangoni, na mitaa mingi ya Tabata au Mbezi ina njia ya aina hiyo, mhamishaji lazima ajue mapema ili aje na mbao nene za kutandika. Geti lina kimo gani? Nyaya za umeme zimening'inia chini kiasi gani? Piga picha hizo pia.

Hatua ya 3: Tafuta majina kwa watu wenye piano

Usianzie kwenye matangazo. Anzia kwa fundi anayetyuni piano yako, maana yeye ndiye anayeitwa baada ya kila uhamisho, anaona nani ameacha piano salama na nani ameacha maafa. Jina atakalokupa fundi nalithamini kuliko tangazo lolote lenye picha nzuri.

Baada ya hapo waulize wenye piano za taasisi: wakuu wa kwaya wa makanisa makubwa ya katikati ya jiji, walimu wa muziki wa shule za kimataifa, mameneja wa hoteli zenye grandi ukumbini. Nje ya Dar zipo taasisi zinazofundisha muziki ambazo watu wake wanaelewa tatizo lako: TaSUBa kule Bagamoyo, idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha, Dhow Countries Music Academy Zanzibar. Kwa wasomaji wa Nairobi, anzeni na Kenya Conservatoire of Music, ambayo ipo tangu miaka ya 1940. Swali la kuwauliza ni moja: mlipohamisha piano yenu mara ya mwisho, nani aliibeba, na mngemwita tena?

Kampuni zinazohamisha familia za mabalozi na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa nazo zina vifaa vizuri na mara nyingi wamewahi kushika piano. Bei yao iko juu. Kwa piano ya thamani kubwa, au safari ya kuvuka bahari, nadhani inastahili.

Kusanya majina matatu.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya simu

Hakikisha kwanza anaelewa kuwa ni piano ya chuma na nyuzi, maana wengi wakisikia kinanda wanafikiria kile cha umeme cha kubebwa kwapani. Kisha nyamaza kidogo umsikilize. Mzoefu atauliza mfululizo: ya kusimama au grandi? Kimo chake? Inatoka ghorofa ya ngapi, na ngazi zinageuka? Kule inakokwenda je? Gari linafika mlangoni? Asipouliza, usimsaidie. Subiri uone.

Zamu yako ikifika, muulize hivi: "Hebu nieleze kaka, mtaibebaje?" Kwa piano ya kusimama, jibu zuri linataja mablanketi mazito, mikanda ya kukazia, kigari cha magurudumu manne chenye kuhimili uzito huo, watu wanne au zaidi, na msimamizi mmoja. Jibu baya ni "tutaisukuma, si ina magurudumu?" Vigurudumu vya piano viliwekwa kwa kuisogeza kidogo wakati wa kufagia. Ukivipitisha juu ya vigae vyenye mifereji au kizingiti cha mlango, kimoja kikikwama mguu unang'oka nacho.

Kwa grandi, maelezo yake lazima yafuate mpangilio. Mfuniko mkubwa unatolewa. Nguzo ya pedali inatolewa. Kisha mguu wa mbele wa kushoto, upande wa sauti nene, unafunguliwa huku watu wakiwa wamelishika pembe hilo, piano inashushwa taratibu ilalie ubavu wake mrefu ulionyooka juu ya ubao uliotandikwa blanketi. Hapo ndipo miguu miwili iliyobaki inafunguliwa, piano inafungwa, inakazwa kwenye ubao kwa mikanda, na ubao unapanda juu ya kigari. Akikuambia wataibeba hivyohivyo na miguu yake hadi kwenye gari, mazungumzo yameisha.

Uliza gari. Kirikuu ni rafiki wa kila anayehama Dar, lakini kwa piano ya kilo 230 siipendekezi: pembeni ni fupi, piano inabaki imesimama juu ya usawa wa bodi, na tuta la kwanza linaitikisa yote. Kenta yenye bodi la boksi lililofungwa, lenye reli za kufungia mikanda ndani, ndiyo unayoitaka. Ikiwa na lifti ya nyuma ni heri zaidi. Kama haina, uliza ubao wao wa kupandishia una urefu gani. Ubao mfupi unafanya mteremko mkali.

Uliza mvua. Kuanzia Machi hadi Mei masika yanaweza kukukuta njiani, na kukutana na turubai moja lililotoboka siku hiyohiyo ni kuchelewa. Mwenye akili atakuambia mvua ikinyesha wakati wa kupakia, kazi inaahirishwa bila malipo ya ziada. Mwisho omba namba za wateja wawili waliohamishiwa piano naye, na uwapigie kweli.

Hatua ya 5: Aje aone, kisha aandike

Bei ya simu ni ya kukadiria. Bei ya kufanyia kazi itoke baada ya yeye au msimamizi wake kufika kwako, akapima ngazi, akafungua mfuniko wa juu akachungulia. Kwa piano ya ghorofani hili halina mjadala. Wakati wa kuangalia utajifunza mengi: je, anakuja na futi kamba? Anaipiga piano mgongo kwa kofi akisema "hii ndogo", au anainama kuangalia vigurudumu na viungo vya miguu?

Karatasi ya bei iandike mambo haya: piano ipi, kwa namba yake, kutoka wapi hadi wapi, na ghorofa zake, idadi ya watu, aina ya gari, tarehe na saa, nani analipa foleni ikiwachelewesha au lifti ikiharibika, nani anafungua na kufunga miguu ya grandi, na fidia ikiharibika. Bei ya chini kupita zote itazame kwa makini, mara nyingi kilichopunguzwa ni watu. Wanne wanakuwa wawili, halafu wanaokota vibarua wengine wawili kijiweni asubuhi hiyo.

Kwa upande wa uhalali, biashara iwe imesajiliwa, iwe na TIN, itoe risiti ya EFD, na gari liwe na leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Hayo hayathibitishi kuwa wanajua piano. Yanathibitisha kuwa kesho utajua pa kuwapata.

Hatua ya 6: Bima na pesa

Mhamishaji akikuambia "gari lina bima", usiishie hapo. Bima ya gari haimaanishi bima ya mzigo. Unachotafuta ni bima ya mali inayosafirishwa. Omba kuiona karatasi yenyewe na usome jina la mwenye bima, tarehe ya kuisha, kiwango cha juu cha fidia, na kama inahusu pia kupakia na kushusha. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: piano haiharibikii barabara ya Bagamoyo, inaharibikia ngazini. Kama ana bima isiyotosha, zungumza na wakala aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka ya bima, ukate ya safari hiyo moja. Thamani ya piano iandikwe na fundi wa piano, kwa karatasi yenye jina lake, kabla ya siku ya kuhama.

Malipo: advansi ya kuthibitisha siku, isizidi theluthi. Inayobaki ilipwe piano ikiwa imeshasimama mahali pake na umeshaijaribu. Anayedai pesa yote kabla ya kupakia, mwambie hapana kwa heshima na ushikilie hapo.

Hatua ya 7: Siku moja kabla

Ondoa vitabu vya nota, picha na vitambaa. Piga video ukibonyeza vibonye vyote 88 kimoja kimoja, na pedali zote. Piga picha kila mkwaruzo uliopo. Kesho yake kabla ya kuanza, mwonyeshe msimamizi na asaini orodha ya kasoro hizo. Inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Funga mfuniko wa vibonye kwa ufunguo kama upo. Usibandike selotepu kwenye varnishi, itaondoka nayo. Funga kamba laini juu ya blanketi. Kiti cha piano kisafiri peke yake.

Ongea na majirani kuhusu njia ya gari, na panga kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya foleni na kabla ya jua.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kundi zuri utalitambua dakika kumi za kwanza, kabla halijagusa piano. Msimamizi anapita njia yote tena peke yake. Anaondoa zulia la mlangoni. Anafungua mlango wa pili na kuuzuia kwa kipande cha mbao. Anawapanga watu: wewe huku, wewe kule, na hakuna anayeinua hadi yeye aseme. Halafu wanainamisha piano kidogo sana, upande mmoja, kijana anasukuma kigari chini, wanairudisha taratibu, mwingine anazungusha mkanda. Hakuna kelele. Sauti inayosikika ni moja tu, inayohesabu.

Kwenye ngazi wanakwenda hatua moja, wanatua, wanapumua, wanahesabu tena. Watoto na watazamaji wasikae chini ya ngazi kwa sababu yoyote ile. Ukiona watu wawili wanatoa amri tofauti, simamisha kazi. Una haki hiyo, na ni piano yako. Ukiona wameongeza vibarua wasiotajwa kwenye makubaliano, simamisha pia.

Ndani ya gari piano ya kusimama ibaki imesimama, mgongo wake ukiegemea ukuta wa bodi, ikazwe kwa mikanda miwili, mmoja juu na mmoja chini, na pawe na blanketi kati ya mkanda na mbao. Isilazwe chali. Hakuna mtu wa kuikalia, hata utingo, na hakuna magunia ya kuwekwa juu yake kwa kuwa nafasi imebaki.

Kama safari ni ndefu

Zanzibar ina maswali yake: ndani ya bandari, upande wa Dar na upande wa Unguja, nani anaibeba? Watu wako wanaweza kuishia getini, na piano ikabebwa na wasioijua. Kwa hiyo iingizwe kwenye kasha la mbao tangu nyumbani, liandikwe upande wa juu, na mhamishaji awe na mtu anayempokea ng'ambo.

Kuvuka mpaka, kwa mfano kupitia Namanga au Horohoro, kuna jambo ambalo wenye piano za zamani wanapaswa kulijua. Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu zilizotoka Zanzibar zilikwenda Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibonye vya piano. Piano ya zamani sana inaweza kuwa na pembe hizo hadi leo. Tazama kibonye cheupe kwa karibu: kama kuna mstari mwembamba unaokikata pale sehemu pana inapokutana na nyembamba, na ukiona michirizi midogo ya asili, mwonyeshe fundi. Ikithibitika ni pembe, biashara na usafirishaji wake nje unasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo uliza Idara ya Wanyamapori kabla ya kumlipa mtu yeyote. Usiiache hadi ufike forodhani.

Hatua ya 9: Ikishafika

Kabla ya kusaini, cheza vibonye vyote ukilinganisha na video. Zungusha tochi pembeni na chini. Ukiona uharibifu, uandike kwenye karatasi yao palepale, upige picha wakiwepo. Ukiridhika, maliza malipo na uwape vijana hela ya soda, wameistahili.

Piano isikae chini ya kiyoyozi, wala dirishani panapopigwa na jua. Itakuwa imetoka kwenye sauti kidogo, usishtuke. Usimwite fundi kesho yake. Mbao zinahitaji kuzoea unyevu wa chumba kipya, basi ipe piano wiki tatu hivi ndipo fundi aityuni. Ikiwa imetoka Dar kwenda Arusha au Nairobi, kwenye hewa kavu zaidi, ubao wa sauti unanywea na sauti inashuka, kwa hiyo panga kutyuni mara mbili: moja baada ya wiki hizo tatu, ya pili baada ya miezi kadhaa, na mwambie fundi mapema ili akupe bei ya zote mbili pamoja.